Jinsi ya kusoma sarafu za kwenye kopo la bibi

Jamani kama una bibi huku Moshi, iwe Kibosho, Machame au Marangu, kacheki uvunguni, mara nyingi kuna kopo la Kimbo lenye hela za zamani. Usikimbilie mjini kutafuta mteja, zisome kwanza.

Ila usizisugue. Ndimu, majivu, dawa ya mswaki, vyote acha, osha kwa maji na sabuni kidogo ukaushe na kitambaa laini basi. Mimi niling'arisha za bibi yangu nikafuta uso wa mfalme kabisa, mpaka leo inaniuma.

Haya angalia kichwa. Mzungu mwenye masharubu na kofia yenye ndege tai juu, huyo ni Wilhelm II, hiyo ni rupia ya Mjerumani (na ukikutana na mtu anakwambia rupia ina zebaki inauzwa mamilioni, achana naye, ni matapeli hao). Mfalme wa Kiingereza na nyuma kuna simba na milima, hiyo ni shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, na hapa ndo patamu. Chukua mbili za George VI, moja ya 1946 na moja ya 1948, simba yule yule, mfalme yule yule, lakini ya kwanza imeandikwa ET IND. IMP. yaani na mfalme mkuu wa India, ya pili maneno hayo hayapo kwa sababu India ilishajitawala 1947! Na siyo maandishi tu, ya 1946 robo yake ni madini ya fedha, ya 1948 haina madini hayo hata kidogo, ni shaba na nikeli.

Zenye tundu katikati hazina kichwa, we soma jina. Ukikuta EDWARDVS VIII 1936 itunze, huyo hakumaliza hata mwaka kwenye kiti cha ufalme.

Sasa za kwetu zilizoanza 1966, hapa wengi wanachemka, wanaona sura wanadhani ndo aliyekuwa Ikulu mwaka huo. Siyo hivyo. Mzee Karume alifariki 1972 lakini mia mbili yenye sura yake na simba, ile anayokurudishia konda wa kifodi pale Arusha, ilianza 1998, na jero ya nyati ni ya 2014. Mzee Mwinyi aliondoka madarakani 1995 ila hamsini yenye sura yake na faru imeandikwa 1996. Kwa hiyo mwaka ndo unaanza kuusoma, sura baadaye.

Ya kujifunzia vizuri ni shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge, ya Nyerere inaishia 1984 afu 1987 anaingia Mwinyi, mwenge ukabaki pale pale. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu ya redio inatosha, ya Mwinyi itanasa kwa sababu ndani ni chuma, ya Nyerere haiguswi.

Ukimaliza funga kila moja na kakaratasi kake, andika mwaka, na kaa na bibi umuulize aliipata wapi, hilo ni la muhimu kuliko yote maana halijaandikwa kwenye sarafu. Yangu moja ya George bibi alilipwa kwenye kahawa, akaificha babu asiione. Hiyo siuzi.