Ukirudi Moshi likizo: tochi, RB na PF3

Ukitoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) kuelekea Moshi, wengi hukutana na polisi mara ya kwanza maeneo ya Boma Ng'ombe: wamepigwa tochi, yaani kifaa cha polisi cha kupima mwendo wa gari. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na aliyezoea barabara za Ujerumani au Texas hushtuka kibao kimeshapita. Msalimie afande, toa leseni, kubali kosa kama ni lako. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa na hailipwi mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Yale maneno ya "tuyamalize hapa hapa" mara nyingi tunayaanza sisi wenye haraka, halafu tukirudi ughaibuni tunalalamikia rushwa. Kisheria mtoaji na mpokeaji wote wana kosa.

Ukiibiwa, nenda kituoni mwenyewe na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ndiyo utakayoitaja kila ukifuatilia, la sivyo utaanza hadithi upya kwa kila askari wa zamu. Pasipoti ikipotea tu, chukua taarifa ya upotevu kwanza, ndipo uende Uhamiaji au ubalozini.

Bodaboda ikikugonga, au ukipigwa, utahitaji PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako. Baadaye ndiyo ushahidi wako. Mgonjwa akiwa anavuja damu, mmoja ampeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC, mwingine awahi kituoni kuifuata. Namba ya dharura ni 112.

Ndugu akikamatwa, dhamana ni bure. Kinachotakiwa ni wadhamini wanaoeleweka, wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo kaka aliyebaki nyumbani ana msaada kuliko dola zako. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.

Kuna jambo moja wanadiaspora tunalikosea sana: kumpigia simu afande tunayemfahamu amtishe ndugu kwa sababu ya kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Polisi hawaamui mpaka wa shamba. Ndugu akisogeza masale, mimea inayopandwa mpakani, anzia kwa wazee wa ukoo, kisha baraza la kata lisuluhishe. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akikutishia panga, hapo sasa nenda polisi, na uchukue RB.