Feni ya laptopu ikinguruma, usikimbilie kununua feni

Mwezi uliopita alinijia mwalimu wa skuli kutoka Wete, laptopu yake kaifunga kwenye kanga. "Mwanangu," akanambia, "feni hii inanguruma kama mashine ya kusaga, na mashine yenyewe ikifika adhuhuri haiendi. Nitafutie feni nyingine." Nikamuuliza imeshabadilishwa mara ngapi. Mara mbili, kwa mafundi wawili.

Niliifungua mbele yake. Feni ilikuwa mpya, haina kosa. Lakini baina ya mdomo wa feni na yale mapezi membamba ya kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha jamvi kuukuu: vumbi, nyuzi za nguo na nywele, vimeshikamana hata nikakitoa kwa kibano kikiwa kizima. Feni zote mbili alizolipia zilikuwa zikipuliza ukutani.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Chake Chake, Pemba. Kazi ya kufungua vyombo nilifundishwa na marehemu ami yangu, aliyekuwa akitengeneza redio, na neno lake la kwanza lilikuwa nisiguse bisibisi kabla sijasikiliza. Feni haileti joto, inalitoa. Ikipiga kelele, ina kazi kubwa kuliko njia iliyopewa. Lako ni kujua kazi hiyo inatoka wapi.

Anza na pale ilipokaa. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa pembeni au nyuma. Ukiiweka juu ya godoro, mto au mapaja yenye kanga, umeiziba pua. Iweke juu ya meza, inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za maji, kisha ngoja dakika kumi. Ikitulia, umemaliza. Na ukumbuke kuwa feni haiwezi kuipoza mashine chini ya joto la hewa inayovuta, kwa hiyo Januari na Februari, kaskazi ikivuma na chumba kimefungwa madirisha, kelele kidogo ni haki yake.

Kisha tazama kinachokula nguvu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye dirisha litakalofunguka ubofye neno CPU, yaani prosesa, ubongo wa mashine, juu ya safu yake ili walaji wakubwa wapande juu. Mashine isiyofanya kazi yoyote huwa kwenye asilimia chache tu. Ukikuta 60 na hujafungua kitu, huenda ni masasisho yanajipakua, yaache yamalize. Kama kila siku ni hivyo, pitisha kinga ya virusi, khasa ikiwa unapokea flashi za wenzio.

Pata pia namba ya joto. HWiNFO na Core Temp ni programu za bure. Kwa joto letu, mashine iliyopumzika ikisoma nyuzi 45 mpaka 60 sina wasiwasi nayo, na kwenye kazi nzito 80 na kitu si ajabu. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo hujipunguza mwendo yenyewe, na joto likizidi kupanda mashine huzimika ghafla. Ndiyo maana laptopu ya mwalimu ilikuwa nyepesi asubuhi na nzito adhuhuri. Mtu huambiwa imezeeka, anunue nyingine, kumbe inajikinga isiungue.

Sasa kiganja. Kipimo hiki nakiamini kuliko vyote. Ipe mashine kazi, video kubwa kwa mfano, uweke kiganja kwenye tundu la kutolea hewa huku ukitazama ile namba. Hewa nyingi na ya moto: njia iko wazi, tatizo ni wingi wa kazi au joto la chumba. Hewa haba na feni inalia: njia imeziba. Hewa nyingi lakini vuguvugu tu, na namba inasema 95: joto halifiki kwenye mapezi, mara nyingi kwa sababu pesti, ile dawa ya kupitishia joto iliyo baina ya prosesa na bomba la shaba, imekauka. Hakuna hewa wala sauti: feni imekufa, au waya wake umechomoka. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na kupotea, ni beringi inakwisha, na hapo kweli feni inunuliwe.

Kama umeona padi ya kipanya imeinuka au mfuniko wa chini umevimba, simama. Hiyo ni betri imefura. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji. Mpelekee fundi.

Ukiamua kufungua, zima kabisa, chomoa chaji. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uchomeke kila skrubu mahali pake, maana huwa hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi hutoboa. Kitu cha kwanza ndani ni waya wa betri: uchomoe kabla ya chochote. Mwaka wangu wa kwanza niliona uvivu, skrubu ikaniponyoka ikaangukia bodi yenye umeme. Ilikuwa mashine ya mwanafunzi, na kazi yake ya kumalizia chuo ilikuwa humo. Nilimlipa kwa miezi mitatu, na mpaka leo siondoi macho kwenye waya ule.

Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno unapopuliza vumbi kwa bloa, mashine ya kupulizia hewa. Yakizunguka kwa kasi ya bloa, beringi huumia na feni inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Ukiweza, itoe feni kabisa, kwani lile jamvi la vumbi hujificha nyuma yake, na bloa peke yake hulisogeza tu.

Vumbi la Pemba lina mambo yake. Msimu wa karafuu, majumbani kwenye karafuu na makonyo yaliyoanikwa uani, nikifungua mfuniko harufu hunifikia kabla sijaona kitu, na vumbi ni la kahawia. Mashine za watu wa ufukweni huja na ukijani kwenye shaba, kazi ya chumvi na unyevu. Huko nafuta kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi huacha mabaki, na marashi, ambayo nimeshayakuta, yasikaribie kabisa.

Skrubu za bomba la shaba mara nyingi zina namba 1 mpaka 4. Fungua kwa kurudi nyuma, kila moja kidogo kidogo. Safisha pesti kuukuu mpaka prosesa ing'ae kama kioo, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza kwa kufuata namba. Dawa ya meno si pesti. Na vile vipande vya mpira laini vilivyo juu ya chipu nyingine viache mahali pake, kwa sababu pesti haijazi nafasi yao.

Ukinunua feni, nunua kwa namba iliyo kwenye kibandiko chake mwenyewe, na uhesabu waya: feni ya waya 3 na ya waya 4 hazibadilishani. Jina la laptopu pekee halitoshi.

Mwalimu aliondoka na feni ileile, namba ikisoma 52. Nilimpa na lile jamvi la vumbi ndani ya mfuko wa nailoni. Akija tena baada ya miezi sita, kwangu au kwa fundi mwengine, adai aonyeshwe kilichotoka.