Jinsi ya Kufika na Kuupanda Mlima Ol Doinyo Lengai

Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo kusini mwa Ziwa Natron katika Mkoa wa Arusha, una kimo cha takriban mita 2,960, na kimo hicho kimewadanganya wengi. Anayeusoma kwenye ramani huuona kuwa ni matembezi ya kawaida, ilhali mteremko wake wa juu una mwinamo unaokaribia nyuzi 45, hauna njia iliyotengenezwa, wala kibanda, wala mti wa kivuli, wala tone la maji. Kwa hiyo safari nzima, kuanzia siku utakayotoka Arusha, ipangwe kwa kufuata sharti moja: jua linapoanza kuwa kali, uwe umekwisha kushuka.

Kutoka Arusha, barabara ya lami hupitia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Jaza mafuta hapo na ununue maji ya kutosha, kwa sababu kuanzia hapo safari hugeukia kaskazini, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kupitia Engaruka, kwa zaidi ya kilomita 100 ambazo sehemu kubwa ni vumbi, kokoto na makorongo, hadi kijiji cha Engare Sero, ambacho ndicho kituo cha wapandaji. Tumia gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi za akiba zilizo nzima. Yako pia mabasi yaendayo Loliondo kwa njia hiyo, na asiye na gari anaweza kushukia Engare Sero, mradi asijifunge kwa ratiba ya kuondoka kesho yake. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, makorongo hujaa maji na majivu ya mlimani huteleza. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa zaidi.

Mlima hauko ndani ya hifadhi ya taifa, na kwa sababu hiyo ada hazilipwi kwenye lango moja, bali hutozwa na mamlaka za wilaya na vijiji katika vizuizi kadhaa vilivyo njiani. Uliza viwango vya sasa kabla ya kuondoka, dai stakabadhi kila kituo na uzitunze zote hadi mwisho wa safari. Mtanzania abebe kitambulisho chake cha taifa.

Fika Engare Sero mchana, ule mapema, kisha ulale hadi saa nne usiku. Ningeshauri usiku mbili kijijini kuliko mmoja, kwani kupanda usiku uleule uliofika, mwili ukiwa bado umechoshwa na barabara, ni njia ya hakika ya kukata tamaa katikati ya mlima. Mwongozaji wa Kimaasai kutoka kijijini si anasa. Njia hubadilika kila mvua zinapochimba mifereji mipya katika majivu, na kwa mwanga wa taa ya kichwani mifereji hiyo hufanana yote.

Gari hukufikisha chini ya mlima karibu saa sita usiku, na kupanda huchukua saa tano hadi saba. Mwanzo ni nyasi na majivu malaini ambamo kila hatua hurudi nyuma nusu yake. Juu zaidi majivu yameganda kuwa kama saruji, na hapo mikono hufanya kazi sawa na miguu. Vaa glavu, helmeti na viatu vyenye shingo ndefu na soli ya kushika. Beba lita tatu hadi nne za maji, koti la upepo kwa ajili ya baridi ya kileleni, miwani na leso ya kufunika pua. Usitembee moja kwa moja chini ya mwenzako, na jiwe likikuponyoka, piga kelele papo hapo.

Kileleni, kabla hapajapambazuka, simama mbali na ukingo. Hadi mwaka 2007 kreta ilikuwa imejaa lava kiasi kwamba wageni walitembea juu yake, lakini mlipuko ulioanza Septemba mwaka huo na kuendelea hadi 2008 uliichimba ikawa shimo refu lenye kingo dhaifu. Anayekuahidi kukushusha ndani akataliwe. Kinachoonekana kutoka juu kinatosha: huu ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu na potasiamu, yaani jamii ya magadi, yenye joto la nyuzi kati ya 500 na 600 za Selsiasi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Mchana lava hiyo huwa nyeusi na nyepesi kama maji, na ikishanyonya unyevu hugeuka nyeupe ndani ya siku chache. Si kila siku inaonekana, na hakuna mwongozaji mwaminifu atakayekuhakikishia.

Kumbuka pia kwamba Wamaasai huuheshimu mlima huu kama makao ya Engai, yaani Mungu wao, na hupafanyia maombi. Taka zote zishuke na aliyezileta.

Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anza kushuka ifikapo saa moja, kwa subira, pengine ukigeuza uso mlimani palipo wima, kwani magoti huumia zaidi kushuka kuliko kupanda. Asiyechelewa hufika kwenye gari karibu saa tano. Alasiri ipumzike, kesho yake nenda ziwani kuwaona heroe wadogo (flamingo), ambao Natron ndiyo mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki, na uombe kuonyeshwa nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe karibu na kijiji. Huko pia utahitaji mwongozaji na ada yake ya pekee.