Kutunga shairi la uzuri wa sura na uzuri wa moyo

Ukitaka kutunga juu ya uzuri unaopita na ule unaobaki, usianze na "tabia njema". Maneno hayo yamechoka. Anza na pambo linalochakaa. Kikuba cha asumini kilichovaliwa jioni kimenyauka asubuhi. Hina hukaa wiki moja, mbili, ikafifia. Wanja hausubiri hata hivyo. Jasho tu latosha. Orodhesha vitu vitano vya namna hii, kisha mkabala na kila kimoja andika tendo, si sifa: nani kalishwa, nani kauguzwa, deni gani limesamehewa.

Umbo la tarbia linafaa: mishororo (mistari) 4, kila mmoja mizani (silabi) 16, yaani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Beti 5 au 6 zatosha.

Wanja wake hufutika, jasho likija usoni,
Hina nayo hupauka, wiki mbili mkononi,
Usiku akiamka, humuuguza jirani,
Moyo haupakwi poda, wang'aa bila mapambo.

Hesabu kwa vidole. Katika "mkononi", m ni mizani peke yake (m-ko-no-ni). Katika "mbili", mb huenda na irabu yake (mbi-li). Hapo ndipo wengi hupotea. Mizani ikizidi, fanya inkisari, yaani fupisha neno: "aliyependa" (5) huwa "alopenda" (4). Moja kwa ubeti inavumilika. Zikiwa tatu msomaji anaona unavyohangaika. Vina navyo, yaani miisho inayolingana ya ukwapi na ya utao, ni silabi nzima: -ka kwa -ka. Ukichanganya -ka na -sa, kina hakuna.

Kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, ndicho chenye mtego. Wengi hukimbilia "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", na kweli inakaa 8 kwa 8 bila kuguswa. Lakini methali hiyo husuta: humsema aliye mzuri wa nje na ndani hana kitu. Ibandike chini ya ubeti wa hapo juu, na huyo anayemuuguza jirani ndiye atakayekuwa kipande cha mti! Iache kwa shairi la kusuta mwanzo hadi mwisho.

Ubeti unaocheka mvi au mapengo, ufute. Aliyezeeka hana kosa.

Ukimaliza, lighani kwa sauti. Pumzi ikikatika kabla ya kufika kwenye mkato, kituo kati ya ukwapi na utao, huenda ukwapi umezidi. Rudi kwenye vidole.