Somo: Kasha la kujaribia roboti ndogo za mapigano

Vipimo hivi ni vya roboti zisizozidi gramu 454, yaani ratili 1.

Anzeni na hesabu, maana ndiyo inayoamua unene wa kila kitu. Diski (silaha ya roboti inayozunguka) ya gramu 60 yenye nusu kipenyo cha milimita 25, ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, hubeba nishati ya jouli 41 hivi, na ukingo wake hukimbia mita 52 kwa sekunde. Ni sawa na nyundo ya kilo 1 kuanguka kutoka mita 4, ila pigo lote linatua kwenye ncha ya jino.

1. Karatasi ya kuonea. Polikaboneti (plastiki ngumu inayoonyesha) ya milimita 6, isiyo na uwazi ndani. Ile ya kuezekea yenye vijia vya hewa haifai kabisa. Akriliki ya mabango hufanana nayo kwa macho, kwa hiyo bana kipande kwenye jiriwa ukigonge kwa nyundo: akriliki hupasuka, polikaboneti hupinda. Nusu karatasi (sm 122 × 122) hutoa kifuniko cha 75 × 75 na kuta mbili za 75 × 45. Kuta mbili zilizobaki na sakafu ziwe plaiwudi ya milimita 18. Juu ya sakafu lilale bamba la chuma la milimita 2, na kuta za plaiwudi zifunikwe kwa ndani kwa bamba la milimita 1.5.

2. Fremu. Mbao za inchi 2 × 2 zilizokauka; Tabora mninga haukosi, nao hautikisiki ukishashika skrubu. Karatasi ikae upande wa ndani wa fremu. Hapo pigo linaisukuma iegemee mbao. Ukiifunga kwa nje, kila pigo linang'oa bolti.

3. Matundu. Bolti za M6 (unene wa milimita 6), tundu la milimita 8, washa pana (pete bapa ya chini ya nati), angalau sentimita 2 kutoka ukingoni. Usikaze kwa nguvu.

4. Mguu wa ukuta. Hapa ndipo makasha mengi yanaposhindwa, kwa sababu silaha nyingi hupiga chini, kwenye kiungo cha ukuta na sakafu. Zungusha chuma cha pembe cha milimita 40 × 40 × 3 ndani, mita 3 kwa jumla, ukifunge kwa bolti zinazopita hadi chini ya sakafu.

5. Kifuniko. Bawaba mbili, makomeo mawili, na ukingo unaopitiliza kuta pasibaki mwanya.

6. Kuwasha. Toa diski kwanza, washa, kisha zima rimoti: mota ya silaha lazima isimame yenyewe. Isiposimama, diski hairudi. Baadaye mpangilio ni huu: roboti ndani na pini ya kuzuia silaha, washa rimoti, chomeka umeme, toa pini, funga makomeo yote, ndipo uzungushe. Kuzima ni kinyume chake, na kifuniko hakifunguliwi hadi diski itulie.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Huku Kigoma nimepata karatasi za polikaboneti za milimita 3 tu. Nikipachika mbili pamoja?*
Marahaba. Kila moja itapinda peke yake, na ugumu wake wote ni robo ya karatasi moja ya milimita 6. Jenga nazo kasha la roboti za gramu 150. La gramu 454 lisubiri karatasi yake.

*Nyufa zimetokea kwenye bolti na hatujapigana bado. Kwa nini?*
Mmetumia gundi ya kuzuia nati kulegea, au mmesafisha kwa thina au petroli. Vyote huipasua polikaboneti. Tumieni nati zenye nailoni, na maji ya sabuni. Tundu finyu nalo ni adui: joto likipanda nyuzi 20, karatasi ya sm 75 hurefuka karibu milimita 1.

*Betri ya lithiamu ikianza kufuka moshi?*
Usifungue. Toka, toeni watu wote. Moshi huo ni sumu. Ndiyo maana kasha hukaa uani au kwenye banda lililo wazi, na ndoo ya mchanga karibu. Moshi ukiisha, subiri angalau dakika 30, kisha ihamishe betri kwa koleo hadi kwenye mchanga.

*Roboti ya kilo 1.36 tuijaribu humo polepole?*
Hapana. Diski yenye uzito mara 3 na kipenyo mara 2 hubeba nishati mara 12 kwa mzunguko uleule. Humo mnaweza kujaribu magurudumu yake tu, silaha ikiwa imetolewa.