Dawa ya mchwa: anza na vichwa vya mbao

Fremu ya mlango ya kwanza niliyoitia dawa mwenyewe niliipaka mara tatu, pande zote nne. Siku ya kuisimamisha fremu ilizidi urefu, nikaikata chini kwa upana wa vidole viwili, kazi ikaendelea. Miaka miwili baadaye rangi ilikuwa bado inang'aa, ila nilipoichokoa kwa bisibisi karibu na sakafu, bisibisi ilizama hadi mpinini. Ndani mlikuwa na udongo mtupu. Mchwa walikuwa wameingilia palepale nilipokata.

Ubao ni kama fungu la mirija. Hunywa dawa zaidi kichwani, yaani pale ulipokatwa mwishoni, kuliko ubavuni, na mchwa nao huupendea hapo hapo. Kwa hiyo pima, kata, toboa na chonga viungo vyote kwanza, ndipo utie dawa. Ukilazimika kukata tena, paka kichwa kipya mpaka kigome kunywa. Hata mbao za kiwandani zilizosukumiwa dawa kwa presha ni hivyo hivyo: pasua moja uone, ukijani wa dawa mara nyingi unaishia kwenye nyama nyeupe ya nje, kiini hakijaguswa.

Kwa mbao za ndani, pasipofika mvua, natumia boroni. Gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki katika lita 9 za maji ya moto, koroga hadi maji yawe maangavu. Dawa hii inataka ubao mbichi, kinyume na mazoea yetu mafundi, kwa sababu husafiri ndani kwa kufuata maji ya ubao wenyewe. Chovya, panga, funika kwa nailoni usikauke. Ubao wa inchi moja uupe wiki nne. Ila usiipeleke nje. Mvua huiosha ikarudi ilikotoka.

Nguzo ya kuchimbiwa inataka dawa ya shaba au kreosoti (mafuta meusi ya lami ya makaa ya mawe), na hapa mti uwe umekauka na umebanduliwa magome. Brashi haitoshi. Simamisha nguzo ndani ya pipa siku kadhaa, dawa ipite usawa wa ardhi kwa shubiri nzima, maana uozo na mchwa hukutana pale udongo unapoishia. (Oili chafu ya gari? Inapaka weusi juu na kuchafua udongo, basi.)

Vaa glavu na miwani, na barakoa unapokata mbao zilizokwisha kutiwa dawa. Zile za kijani za zamani zina shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali. Marekani ziliachwa kwa matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003. Vipande vyake visiingie jikoni hata kama kuni zimeisha: aseniki hubaki kwenye majivu, nyingine hupanda na moshi.

Dawa haiwazuii mchwa kupita. Hujenga kinjia cha udongo juu ya ubao uliotiwa dawa, wakaufuata ule usio nayo. Ndiyo maana naacha miguu ya nguzo na fremu wazi, nisiizibe kwa plasta. Nikiona kinjia sikifuti kwanza. Nakifuata mpaka kinapoishia, na kwa kawaida huko nakuta ubao nilioukata nikasahau kuupaka kichwani.