Somo: Kuichimba historia ya mtaa kwa majalada na sahani za santuri (mfano: Ng'ambo, Unguja)

Tunachukua Ng'ambo, upande wa mji ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe, ya miaka ya 1920 na 1930 kwa sababu ushahidi wake umebaki kwa namna mbili zisizopatana kila mara. Majalada ya serikali ya Waingereza yako Nyaraka za Taifa, Kilimani. Sauti ziko kwenye sahani ambazo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad na wenzake walianza kurekodi Bombay mwaka 1928, mwaka uleule wenye vibanda Ng'ambo walipogoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya kiwanja.

1. Bana swali. "Historia ya Ng'ambo" haitafutiki. "Nani alipokea kodi ya viwanja Miembeni kabla ya mgomo?" inatafutika. Kisha orodhesha majina yote ya mtaa. Majumba ya Michenzani yamekalia mitaa iliyobomolewa baada ya Mapinduzi, hivyo jina unalolisikia kwa bibi huenda halimo kwenye ramani ya leo. (Hata neno Ng'ambo halina maana mpaka ujue palikuwa na hori la maji, na Darajani palikuwa na daraja kweli.) Makarani wa Kiingereza waliandika kwa sikio: Ngambo bila kibainishi ('), Mwembetanga neno moja hapa, mawili pale. Tafuta kila tahajia.

2. Kilimani. Ulizia kibali mapema. Chukua barua ya utambulisho, kitambulisho na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Anza na orodha, usikimbilie majalada. Alama AA ni karatasi za ubalozi wa Kiingereza. AB ni Sekretarieti (ofisi kuu ya utawala wa Waingereza), na kwa karne ya 20 ndiko pa kuanzia. Ardhi nyingi ya Ng'ambo ilikuwa wakfu, kwa hiyo omba pia karatasi za Kamisheni ya Wakfu. Nakili alama nzima pamoja na mikwaju yake (/), ama utaletewa jalada la mambo mengine kabisa na siku imepotea.

Ndani ya jalada wengi husoma barua zilizopigwa chapa na kuruka maoni ya mkono ambayo maofisa waliandikiana. Ni kosa kubwa. Barua inasema kilichoamuliwa; maoni yanasema nani aliogopa nini.

3. Sahani. Nakili maandishi ya lebo, kisha namba iliyochongwa kwenye ukingo usio na mifereji, karibu na lebo. Namba ya lebo ni ya kuuzia; iliyochongwa ndiyo ya kipande chenyewe kilichorekodiwa, na kwa kawaida ndiyo inayosaidia kupata tarehe. Futa vumbi kwa brashi laini. Usitumie spiriti: sahani hizi ni za shelaki, na spiriti huiyeyusha. Sindano iwe ya mikroni 75 hivi. Ya sahani za plastiki ni nyembamba mno, hugusa chini ya mfereji na kukuletea mikwaruzo mitupu. Ukiiingiza sauti kwenye kompyuta, hifadhi kwa WAV (faili isiyobanwa), biti 24, kilohezi 96. MP3 ni ya kusikilizia tu.

Mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika ni wa kukadiria, maana mitambo ya kurekodia haikulingana. Sauti ikiwa nyembamba kupita kiasi, shuku mwendo kwanza.

4. Nakili maneno. Weka dakika na sekunde pembeni, na alama ya kuuliza kwa kila neno lenye shaka. Usilijaze kwa kubahatisha, kwani kesho utaliamini. Msikilizishe mzee *kabla* hujamwonyesha ulichoandika. Akishaona karatasi atasikia kilichomo karatasini.

5. Gonganisha sahani na majalada. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 unabeba dakika 3 hivi. Beti zilikatwa. Jambo lisilotajwa kwenye sahani lisihesabiwe kwamba halikuimbwa barazani.

Maswali

*Maalim, hati ya babu ina mwaka 1345 tu.*
Ni Hijria: katikati ya 1926 hadi katikati ya 1927. Ukiwa na siku kamili, acha nafasi ya siku moja au mbili, kwa kuwa mwezi uliandama kwa kuonekana na siku ya Kiislamu huanza magharibi.

*Wimbo ukitaja rupia, ni wa kabla ya 1936?*
Mwaka 1936 shilingi ilichukua nafasi ya rupia Unguja, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Lakini ndimi hazibadilishi fedha siku moja, na nyimbo za zamani ziliimbwa tena. Rupia inakupa fununu tu. Tarehe itafute kwenye namba iliyochongwa.

*Nina kaseti ya harusi, haijachezwa miaka mingi. Niitie tu kwenye redio?*
Hapana. Vunja kwanza vile vibanzi viwili vya juu isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Tazama kijisponji nyuma ya utepe. Kikiwa kimebanduka, hamishia utepe kwenye ganda jingine la skrubu. Safisha kichwa cha mashine, peleka utepe mpaka mwisho na uurudishe, ndipo urekodi mara ya kwanza utakapoucheza. Huenda usipate mara ya pili.